Mchwa, Mabati na Nyumba ya Wageni



Ukitoka mjini Voi ukielekea lango la mbuga ya Tsavo Mashariki, utaviona vichuguu vimesimama kando ya njia, vyekundu kama udongo wenyewe, na vingine vimempita mtu mzima kwa kimo. Wengi wetu huvipita bila hata kuvitupia jicho. Tukivikumbuka ni msimu wa mvua tu, kumbikumbi wanapotoka na sufuria zikatengwa mekoni. Katika makala haya nataka tukitazame kichuguu kama nyumba. Tena si nyumba ya mtu mmoja, bali ni nyumba ya pamoja ambamo maelfu kwa maelfu hula, hulea watoto na kupumua hewa moja, bila dirisha na bila feni. Je, binadamu anayetaka kujenga nyumba ya kupumzikia watu wengi anaweza kujifunza nini hapo? Na ni kipi ambacho hawezi kukiiga hata akitaka?

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Wako wasanifu majengo ambao kabla ya kushika kalamu huwatazama viumbe na mimea ya mahali wakauliza: huyu anaishije katika jua hili bila umeme? Kisha hujaribu kujenga kwa akili hiyo, wakitumia vitu vya papo hapo ili nyumba isile miti yote ya kijiji wala isidai umeme mchana na usiku. Kazi yao si kujenga nyumba yenye sura ya konokono ili watalii wapige picha. Nyumba za aina hiyo nimeziona kwenye kalenda na zilinichekesha tu, maana ndani yake bado kuna mashine za kupoza hewa zinanguruma. Kinachoigwa ni kazi ya kiumbe. Sura yake si lazima.

Sasa tuingie kichuguuni. Mchwa wanaojenga vile vichuguu vikubwa wanasayansi huwaita Macrotermes. Hawa, kumbe, ni wakulima! Hubeba vipande vya nyasi na miti mikavu, wakavitafuna, kisha wakaotesha juu yake kuvu maalumu inayoitwa Termitomyces. Kuvu hiyo huulainisha ugumu wa mti, nao mchwa wakala kilicholainika. Ule uyoga mtamu unaochipuka kwenye vichuguu baada ya mvua ni zao la shamba hilo linapotokeza nje.

Shamba hilo linapumua, na mchwa nao wanapumua. Kundi lililokomaa huweza kupita milioni moja, na wote wanatumia oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi. Hebu fikiria darasa letu likifungwa milango na madirisha kuanzia gwaride la asubuhi hadi saa saba, wanafunzi zaidi ya arobaini ndani. Nani atamsikiliza mwalimu wa Hisabati? Mchwa wana taabu hiyo kila siku, na hawawezi kufungua dirisha kwa sababu siafu wakiona tundu wataingia.

Lililonistaajabisha zaidi ni hili: ule mlima tunaouona juu ya ardhi kwa kweli si vyumba vya kulala. Malkia, watoto na mashamba ya kuvu wako chini, usawa wa ardhi au ndani yake. Mlima wa juu umejaa mifereji, mikubwa katikati na myembamba karibu na ngozi ya nje, na ngozi hiyo ina vitundu vidogo mno ambavyo jicho halivioni. Yaani mchwa hubeba tani za udongo, tembe kwa tembe, wakajenga jengo refu ambalo karibu hawaishi ndani yake. Wanalijenga kwa ajili ya hewa tu.

Hewa yenyewe huendaje? Hapa wataalamu wamebishana sana. Mwaka 1961 Mswisi mmoja, Martin Lüscher, alichapisha maelezo kwamba joto la mchwa na kuvu hupandisha hewa hadi juu, kisha hewa hiyo hushuka kando kando ikipoa na kubadilishana gesi na nje, ikarudi chini safi. Ni maelezo mazuri, na yanafanana na somo la Fizikia tulilosoma kidato cha kwanza: hewa moto hupanda, hewa baridi hushuka. Baadaye Mmarekani J. Scott Turner alichunguza vichuguu vya kusini mwa Afrika kwa miaka mingi, na yeye pamoja na Rupert Soar waliandika mwaka 2008 kwamba mambo sivyo. Walisema kichuguu hufanya kazi kama pafu. Upepo wa nje unaobadilika-badilika hukisukuma na kukivuta, na hewa ya ndani huchanganyika na ya nje kidogo kidogo, kama sisi tunavyovuta pumzi. Tena wakasema joto la kiota hufuata joto la udongo unaokizunguka, hupanda na kushuka kwa majira. Kwa hiyo ile sifa kwamba mchwa huweka nyumba yao kwenye joto lile lile mwaka mzima haikuwa kweli. Mwaka 2015 watafiti Hunter King, Samuel Ocko na L. Mahadevan walipima vichuguu vya mchwa wa aina nyingine huko India wakaona kuwa tofauti ya mchana na usiku ndiyo inayoisukuma hewa: mchana inazunguka upande mmoja, usiku inageuka.

Pengine msomaji atauliza, mizozo hii ya wasomi inatuhusu nini sisi? Inatuhusu kwa sababu kuna jumba kubwa lililojengwa kwa kufuata maelezo yale ya kwanza.

Jumba hilo ni Eastgate, katikati ya mji wa Harare, Zimbabwe. Lilifunguliwa mwaka 1996 na msanifu wake ni Mick Pearce. Ni majengo mawili ya ghorofa tisa yaliyosimama sambamba, na kati yao kuna ua uliofunikwa kwa kioo. Ndani mna maduka na ofisi, na hakuna mitambo ya kupoza hewa kama ile ya majumba mengine makubwa. Usiku feni huvuta hewa baridi ya nje na kuipitisha kwenye mianya iliyo chini ya sakafu za zege. Zege linapoa. Mchana hewa inapitishwa polepole kwenye mianya hiyo hiyo, inapozwa na zege kabla ya kuingia chumbani, na ile iliyopata joto hutoka juu kwa dohani zilizopangwa paani. Mjenzi alisema aliwaiga mchwa.

Basi kama mchwa hawafanyi hivyo, jumba ni kosa? Tulijadiliana jambo hili chamani na rafiki yangu mmoja akashikilia kwamba msanifu alinakili jibu la mtihani ambalo si sahihi. Mimi sikubaliani naye. Jumba linapoa kwa sababu linatii kanuni za joto, na kanuni hizo ni za kweli hata kama mchwa wanatumia nyingine. Ila hatari ipo kwa yule atakayeliiga jumba hilo bila kuuliza sababu. Harare iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una baridi. Ule ubaridi ndio unaowekwa akiba ndani ya zege. Ukienda na mchoro huo huo Mombasa mwezi wa Februari, usiku utaweka akiba gani? Usiku wenyewe una fukuto. Utakuwa umejenga ghala halafu huna mahindi.

Ndiyo maana wazee wa pwani hawakujenga hivyo. Katika mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hulala juu ya boriti za mikoko. Boriti hazina urefu mwingi, kwa hiyo vyumba ni virefu lakini vyembamba. Mti wenyewe ndio uliokata kipimo cha chumba! Vichochoro ni vyembamba ili nyumba hii iitilie kivuli nyumba ile. Ndani kuna ua ulio wazi juu, hewa moto inapata pa kutokea, na upepo wa bahari unapata pa kupitia. Nje kuna baraza ambapo mgeni hukaa bila kuwaingilia watu wa ndani. Kwa maoni yangu hiyo ni nyumba iliyoigwa kutoka kwa mahali pake kuliko jumba lolote lenye jina la mnyama.

Voi sisi tuko katikati ya mambo hayo mawili. Si juu kama Harare, wala hatuna upepo wa bahari kama Lamu. Mchana ni jua la utosi, usiku kunapoa lakini si sana. Na swali hili halikunijia kwa kusoma vitabu tu. Shangazi yangu yumo katika kikundi cha akina mama ambao kwa muda mrefu wameweka akiba ya kila wiki ili wajenge nyumba ya mapumziko, vyumba sita na ukumbi mmoja, ya kukodishwa kwa vikundi vinavyokuja kwa semina, maombi au kutembelea mbuga. Fedha hizo ni za kuuza mboga na maziwa. Zikipotelea kwenye nyumba ambayo mgeni analala usiku mmoja akakimbia, hakuna nyingine.

Fundi waliyemwita alitaka tofali za saruji na mabati, basi. Mama mmoja akataka makuti, kwa kuwa mahoteli ya watalii yana makuti na wazungu wanayapenda. Shangazi akaniita.

"Wewe mtoto wa sekondari, hebu tuambie hiyo Fizikia yenu inasemaje juu ya mabati."

"Shikamoo shangazi. Fizikia inasema mabati ni jiko."

"Marahaba. Na maji ya kunywa tutayakinga kwa nini? Kwa makuti?"

Hapo alinibana. Kwetu maji ni shida, na paa la mabati ndilo shamba la maji. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa la mita mraba mia moja ni lita mia moja, ukiondoa kidogo kinachopotea. Makuti hayakupi hayo; maji yake ni machache na ya rangi ya chai. Tena makuti huoza baada ya miaka michache, yanashika moto upesi, na yule mwalimu wetu mchwa anayapenda kweli kweli. Nikaona kusema "mabati ni mabaya" ni rahisi kwa mtu ambaye hatafuti maji.

Niliazima vipimajoto viwili kwa mwalimu wa Fizikia. Kimoja nilikitundika kwenye stoo ya shangazi yenye kuta za mbao na paa la mabati, kingine kwenye jiko la zamani la nyanya lenye kuta nene za udongo na paa la nyasi, siku ambayo halikuwashwa moto. Saa nane mchana hakukuwa na haja ya kusoma vile vijistari. Ngozi peke yake ilitosha. Stoo ilikuwa tanuri, jiko lilikuwa kivuli. Nikafurahi, nikadhani kesi imekwisha. Lakini saa tatu usiku mambo yaligeuka. Stoo ilikuwa imepoa kabisa, na lile jiko la udongo ndilo lililokuwa na fukuto! Ukuta mnene humeza joto mchana polepole, na linapofika upande wa ndani jua limeshatua. Ukuta ukaanza kulitema ndani. Na kidirisha cha jiko kilikuwa kimezibwa kwa gunia, kwa hiyo ule ubaridi wa usiku haukuwa na mlango wa kuingilia.

Hili ni la maana sana kwa nyumba ya wageni, kwa sababu mgeni halali saa nane mchana. Analala usiku. Ukuta mnene bila tundu la hewa la usiku ni deni linalolipwa mgeni akiwa kitandani. Ukiweka tundu chini upande upepo unakotokea na tundu lingine juu upande wa pili, yote mawili yakiwa na wavu wa mbu, hewa moto itapanda itoke, na ya nje iingie kuupoza ukuta ili kesho uanze kumeza upya.

Kuhusu paa, jibu nililipata Burkina Faso. Huko kuna kijiji kinachoitwa Gando, alikozaliwa msanifu Francis Kéré mwaka 1965. Shule ya msingi aliyoijengea kijiji chake ilikamilika mwaka 2001, na mwaka 2004 ikapata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo. Wanakijiji wenyewe ndio walioijenga, kwa tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Na paa lake ni la mabati! Siri ni kwamba mabati hayakulazwa juu ya vyumba. Vyumba vina dari lake la tofali lenye mianya, na mabati yameinuliwa juu zaidi kwa fremu za nondo, yakatokeza mbele na nyuma kama ukingo wa kofia. Jua linapiga mabati, mabati yanapata moto, lakini upepo unapita kati ya mabati na dari na kuuchukua moto huo kabla haujamfikia mwanafunzi. Hewa ya chumbani nayo hupanda na kutokea kwenye ile mianya ya dari. Baadaye Kéré alijenga hapo nyumba za walimu, kuta za udongo zenye unene wa karibu sentimita 40, zikiwa zimepangwa kwa mviringo mpana kama maboma ya kule. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Mtu asiseme Burkina Faso ni mbali. Kando ya Ziwa Turkana, hapa hapa Kenya, Kéré alijenga chuo cha mafunzo ya tarakilishi cha Startup Lions kilichokamilika mwaka 2021, kwa mawe ya huko huko. Kina minara mirefu ya kutolea hewa moto, iliyoigwa kutoka kwa vichuguu vya Turkana ambavyo ni virefu na vyembamba kama dohani. Hewa safi huingia chini, ya moto hutoka juu, na tarakilishi hazijai vumbi.

Nilipowachorea akina mama paa la Gando, walinisikiliza kwa heshima, kisha wakaanza kuuliza maswali ambayo vitabu havina. Wa kwanza: popo watakaa wapi kama si kwenye hiyo nafasi iliyo wazi? Nikajibu kwamba ikiwa pana na ina mwanga popo hawaipendi kama ile ya giza, lakini wavu utahitajika. Wa pili lilikuwa gumu zaidi. Mama mmoja alisema, "Mwanangu, penye kupita hewa panapita na maneno." Ni kweli tupu. Nyumba hii italaza watu wasiojuana. Tukiacha mwanya juu ya kila ukuta ili hewa itembee, mgeni wa chumba cha kwanza atasikia sala, mikoromo na ugomvi wa chumba cha sita. Mchwa hawana siri, sisi tunazo. Hilo kichuguu hakiwezi kutufundisha, lakini nyumba ya Lamu inaweza: kila chumba kipate hewa yake kutoka nje na kuitolea juu kwake, na kuta za kati zipande zizibe kabisa. Watu wakutane ukumbini na barazani, si kwa kupitia darini.

Kuhusu tofali tulikubaliana upesi. Tofali za kuchoma zinataka kuni, na milima yetu imeshanyolewa vya kutosha. Saruji tupu ni ghali, na kuitengeneza duniani hutoa hewa ya kabonidayoksaidi nyingi mno. Tofali la udongo la kushindiliwa halichomwi. Hufunikwa kivulini na kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa hadi likomae. Lakini lazima msingi wake uwe wa mawe na paa litokeze nje sana, maana mvua ya kupiga ubavuni ni adui yake.

Kilichobaki ni dari. Fundi anasema dari la pili ni gharama ya bure na atafute kazi kwingine kama hatusikizwi yeye. Mweka hazina naye anapiga hesabu ya nondo kila Jumapili baada ya ibada na hesabu haijalingana. Shangazi amependekeza waanze na vyumba viwili vyenye dari na nafasi ya hewa badala ya sita vya kuokea mikate. Wengine hawajakubali, kwa kuwa vyumba viwili havitoshi kikundi hata kimoja.

Wakati huo tunapima udongo. Unajaza chupa nusu ya udongo, unaongeza maji na chumvi kidogo, unatikisa, kisha unaiacha itulie hadi kesho yake. Mchanga huketi chini, udongo laini katikati, na mfinyanzi juu, na unaweza kupima kila tabaka kwa rula. Chupa tatu zimepangwa dirishani pa shangazi: ya udongo wa shambani, ya mtoni, na ya kichuguu kilichokufa nyuma ya kisima. Ya kichuguu ndiyo yenye mfinyanzi mwingi kuliko zote, kwa hiyo peke yake itapasuka ikikauka. Jumamosi tutaichanganya na mchanga wa mtoni na kushindilia tofali sita za kwanza za majaribio.